Minyoo wa Kamba ya Mama

4 Machi

Wifi yangu,

Nimefika salama. Binti yangu anakaa ghorofa ya tatu na lifti yao ni pambo tu, kwa hiyo nimepanda ngazi nimeegemea ukuta huku nikiwatukana wajenzi kimoyomoyo. Nitalazwa wiki ijayo. Nyonga wataitoa waniwekee ya chuma, na kaka yangu ameshaanza kunitania kwamba nitashika kutu majini. Mwambie nimesikia.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya kwenu huipokea mumeo, anaongea yake, halafu anakata akidhani nimemaliza. Dereva wa lori la barafu amekubali kutubebea. Haulizi maswali, na hilo ndilo ninalolipenda kwake.

Sasa sikiliza. Najua watu walishangaa nilipokukabidhi wewe shamba langu la sponji hapo baharini. Lakini kaka yangu maji yakimfika magotini anakumbuka ana kazi nyumbani, na wanangu wote wako mbali. Wewe angalau umesimamia usafi wa hospitali mpaka umestaafu, unajua maana ya zamu. Hawakukuita Mama Fagio bure.

Kamba nyingine zote, na sponji nilizozifunga humo, zikifa nitalia kidogo kisha nitanyamaza. Ila kamba ya mama, ile ya mwisho kabisa yenye vitambaa vyekundu, hiyo ni roho yangu. Humo ndimo ninamokata vipande vya mbegu. Kila sponji niliyowahi kuuza ni mtoto au mjukuu wa kamba hiyo. Na sheria ya ushirika unaijua: Mwenyekiti akija kukagua mwisho wa Mei akakuta kamba ya mbegu ya mtu imekufa, sehemu yake ya maji anapewa mwingine. Wapo wanaoitamani sehemu yangu mchana kweupe.

Usiitoe sponji nje ya maji hata kwa kuitazama tu. Hewa ikiingia ndani, imekufa hiyo. Majani yakijishika kwenye kamba, yang'oe kwa vidole. Ukiona kitu usichokielewa, kiache.

Wifi yako,
Bi Kamba

20 Machi

Wifi Bi Kamba,

Pole na upasuaji. Mume wangu anasema amekuombea. Mimi nimekuombea na nimekufanyia kazi juu yake.

Waliokuja kunicheka siku ya kwanza wamechoka, wamerudi makwao. Ni kweli nilivaa miwani ya kuzamia juu chini, na ni kweli nilikunywa maji ya chumvi mpaka tumbo likanguruma. Lakini sasa nazama mpaka kamba ya mama na kuibuka bila kukohoa, tena kwa umri wangu huu. Jana mume wangu alisimama ufukweni akiwaambia watu, "Yule ni mke wangu." Hajasema hivyo tangu harusi yetu.

Kuna jambo nataka kuligusia kwa upole. Nilipofika kwenye kamba ya mama nilikuta hali ambayo siiandiki, maana barua ina macho mengi. Nikajisemea, maskini wifi, nyonga ilikuwa inamtesa, hakuweza kuinama vizuri. Sikukulaumu hata kidogo. Ila usafi ndio kazi yangu. Kule hospitali kitanda hakikuitwa kisafi mpaka nipitishe kitambaa cheupe nacho kibaki cheupe. Basi nimetafuta brashi laini, laini kabisa, na kila maji yakipwa nimo humo. Hakuna sponji hata moja iliyotoka nje ya maji. Sheria yako nimeishika.

Ukirudi kuna kitu utakiona. Sikuambii ni nini. Miaka yote hii kwenu mimi ni mke wa kaka, mletewa habari wa mwisho. Safari hii mtashika vichwa.

Wifi yako,
Mama Fagio

2 Aprili

Wifi,

Nimetembea. Na gongo, na muuguzi pembeni, na binti yangu nyuma akilia kama mimi ndiye mtoto, lakini nimetembea kutoka kitandani mpaka dirishani. Daktari ni kijana mwenye masikio makubwa na mikono ya uhakika. Nilimuuliza lini nitarudi majini, akasema tutaongea. Basi, tutaongea.

Wodi nzima inajua habari za shamba langu. Muuguzi wa zamu ya mchana alileta kisponji cha kiwandani aniogeshe nacho, nikamwambia mwanangu, hicho ni uchafu wa plastiki, rudi nacho ulikokitoa. Nilimtuma binti yangu alete yangu. Sasa mgonjwa wa kitanda cha pili anaomba kuishika tu. Nilimwambia ilikatwa kwenye kamba ya mama, na kamba ile niliianza mwenyewe kwa kipande kimoja kisichozidi ngumi ya mtoto, nikiwa mjane mpya, ushirika mzima ukisema sitafika popote. Leo nusu yao wanafunga mbegu za kwangu.

Barua yako nimeielewa. Umenipakia rangi banda la kukaushia, si ndiyo? Nakujua. Kama ni nyeupe, sawa. Kama ni ya waridi nitalibomoa.

Husemi lolote kuhusu sponji zenyewe. Zimenenepa?

Bi Kamba

19 Aprili

Wifi,

Hongera kwa kutembea. Sisi hatujambo. Mvua za juzi zilikuwa kubwa, mto umeleta tope, na maji bado hayajatulia. Banda sijalipaka rangi.

Nina swali, si langu, ni la jirani. Sponji ikiwa na doa jeupe juu, na ukiligusa linateleza, ni ugonjwa gani? Na ikiwa kila ukiifuta tope, kesho unalikuta limerudi vilevile, mtu afanye nini? Huyo jirani anafuta kila siku, kwa brashi laini, tena kwa juhudi. Mtu mwenye bidii sana.

Jibu upesi, jirani ana wasiwasi.

Mama Fagio

28 Aprili

Wifi,

Jirani yupi huyo? Kama ni Msusi, nashangaa. Yule mwanamke kamba zake zinalegea, anafunga mafundo huku akisuka watu nywele, na tangu nilipomwambia hivyo mbele ya mkutano hatusalimiani. Lakini minyoo anao, tena wengi kuliko wangu, ingawa ukimpelekea sifa hiyo nitakukana.

Mwambie huyo jirani aangalie minyoo. Jibu ni hilo tu. Wale weupe, wembamba kama uzi wa kushonea, wanaolala juu ya sponji mpaka rangi yake haionekani. Mgeni akiwaona anataka kutapika. Mimi nikiwaona nalala usingizi. Sponji inakula kwa kunyonya maji kupitia vitundu vyake; tope likitua juu, vitundu vinaziba na sponji inakufa kwa njaa. Minyoo wale hawaingii ndani, hawaitoboi. Wanakaa juu, wanapitisha vipapasio vyao, wanalila lile tope lote. Wao wanashiba, sponji inapumua. Ndivyo nilivyoona hapo kwetu, kwingine sijui. Doa jeupe linaloteleza ni nyama iliyokufa. Kama huyo jirani anasugua kwa brashi, basi amewaondoa wafanyakazi wake mwenyewe, halafu anashangaa kazi haiishi. Hiyo bidii yake ndiyo inayoua.

Wewe sikukutajia minyoo makusudi, usinune. Mtu aliyemfukuza fundi jikoni kwa sababu ya vumbi la viatu, ningemwambia shamba langu limevikwa minyoo, angelipokea? Nilijua ukizama utaona uzi mweupe udhani ndivyo sponji zilivyo.

Wale wa kamba ya mama wakoje? Mwaka jana walijaa mpaka nikawaonea fahari kama watoto waliofaulu mtihani.

Bi Kamba

6 Mei

Wifi Bi Kamba,

Hakuna jirani.

Ni mimi. Niliwasugua wote. Wiki ya kwanza tu, sponji baada ya sponji, mpaka zikawa zinang'aa, na nilipomaliza nilikaa juu ya ndoo nikajipongeza. Nilidhani ni funza. Nilidhani shamba lako limeoza na wewe unaona aibu kusema, na kwamba nitakusitiri. Hicho ndicho kitu nilichokuandalia.

Sasa zaidi ya nusu ya kamba ya mama ina madoa. Zile za mwisho zinanuka. Nimezikata zilizokufa ili zisiambukize nyingine, na kila nikikata nageuza uso, mimi niliyefunga macho ya wagonjwa waliokata roho na kurudi kazini. Mume wangu hajui. Anaendelea kunisifu barazani na kila sifa inanichoma.

Najua utasema, si nilikuambia ukiona usichokielewa ukiache? Lakini wifi, mimi nilielewa! Nilielewa kwamba ni uchafu. Hata sekunde moja sikuwa na shaka. Ungeniandikia neno moja tu, minyoo, waache, ningefumba macho na kuwaacha, kwa sababu ingekuwa amri. Uliniamini na shamba, hukuniamini na habari zake.

Mwenyekiti anakuja mwisho wa mwezi. Sijawahi kufukuzwa kazi maishani mwangu. Nifundishe la kufanya, kisha ukitaka kunitukana nitukane, nitasoma mpaka mwisho.

Mama Fagio

9 Mei

Mke wa kaka,

Matusi nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, binti yangu ameichana.

Nenda kwa Msusi. Umwombe sponji chache zenye minyoo, zisafiri ndani ya ndoo iliyojaa maji, zisionje hewa. Zifunge kwenye kamba ya mama, moja baina ya kila mbili zilizo hai, zigusane. Minyoo watahama wenyewe, wakipenda. Brashi itupe. Tope lipepee kwa kiganja, usiguse ngozi ya sponji.

Mimi siwezi kumwandikia Msusi. Nikimwandikia atabandika barua yangu ukutani. Hilo la kumwangukia itabidi ulifanye wewe.

Kuhusu kukuamini: umesema kweli, na imeniudhi.

Bi Kamba

(Ndani ya bahasha hiyohiyo, kwenye kipande cha karatasi ya daftari.)

Mkaza mjomba, shikamoo. Mama hajui nimetia kikaratasi hiki. Kidonda kinachelewa kupona, ndiyo maana bado amelazwa. Daktari ameshamwambia asizame tena wala asisukumwe na mawimbi, akianguka nyonga ikichomoka hawataweza kuirudisha. Alisikia, akageukia ukutani. Hataki nyumbani mjue. Barua yako alipoisoma alilia, lakini siku hiyo ndiyo aliyokula chakula chote, kwa hasira. Nakuomba usiiache ile kamba ife. Hana kingine cha kuulizia.

18 Mei

Wifi,

Nimekwenda. Nilivaa nguo za heshima, nikajikaza, nikamkuta Msusi mlangoni kwake ana kichwa cha mteja baina ya magoti.

"Nimekuja kuomba minyoo," nikasema.

Mteja aliinuka na nywele nusu. Msusi akamrudisha chini. "Rudia," akaniambia.

"Naomba minyoo. Wale wa kwenye sponji zako. Wa kwetu nimewaua."

"Umewaua vipi?"

"Kwa brashi."

Wifi, alicheka mpaka akaacha kusuka. Alicheka akaita majirani, nikawahadithia upya, nikiwa nimesimama palepale na mkoba wangu mkononi. Nilifikiria kuondoka. Nikakumbuka ile kamba, nikabaki. Alipochoka kucheka akajifuta macho, akaniuliza, "Bi Kamba ndiye aliyekutuma kwangu?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba ulisema minyoo wake ni wengi kuliko wako.

Najua utanikana. Nikane tu. Msusi aliweka chanuo chini, wifi. Kisha akamwambia mteja arudi baadaye, akafunga kanga kiunoni, tukaingia majini pamoja. Alichagua zile nzuri, hakunipunja. Alizifunga yeye mwenyewe kwenye kamba yako, na kwa kweli mafundo yake yanalegea, nimeyarudia alipoondoka.

Sasa nakwenda kila maji yakipwa, napepea tope kwa kiganja, nawatazama. Wa kwanza alivuka nikiwa naangalia. Alijinyoosha kutoka sponji ya Msusi, akapapasa yetu, akarudi. Akajinyoosha tena. Nilikuwa nimebana pumzi mpaka kifua kinauma, namwambia moyoni, vuka, vuka baba. Akavuka. Niliibuka nikipiga kelele na mume wangu alidhani nimeumwa na kitu.

Sikuahidi chochote. Zinazopumua bado ni chache.

Mama Fagio

23 Mei

Wifi,

Nimeisoma barua yako kwa sauti wodini. Kitanda cha pili anataka kujua kama yule mnyoo ana jina.

Sikiliza, niseme haraka kabla sijabadili nia. Mimi majini sirudi. Daktari mwenye masikio ameshasema, na binti yangu amethibitisha kwa kulia. Sitaki pole. Nimezama kuliko watu wengi na sijutii hata mara moja.

Kwa hiyo Mwenyekiti akija, mwambie afute jina langu kwenye kamba ya mama aandike lako. Kama imepona, aandike. Kama imekufa, basi nayo na mimi tumestaafu pamoja. Usije ukajifanya mnyenyekevu ukakataa. Sijawahi kumpa mtu kitu na sijui nitafanya nini ukinirudishia.

Aliyesimama mlangoni kwa Msusi akachekwa na mtaa mzima, kisha akabaki pale kwa ajili ya kamba yangu, huyo si mke wa kaka tu. Nimemwambia kila mtu hapa. Nimewaambia mimi nina wifi.

Bi Kamba

2 Juni

Wifi Bi Kamba,

Mwenyekiti alikuja juzi na kijitabu chake na wanachama nyuma yake, Msusi akiwa mbele kuliko wote. Nilimshusha majini mpaka kwenye vitambaa vyekundu. Alizama, akaibuka, akazama tena. Kamba ni fupi kuliko ulivyoiacha, sikufichi. Lakini zilizobaki ziko hai, nyeusi, ngumu, na madoa yameanza kujifunga.

Alipoibuka mara ya pili aliuliza, "Mbona hizi zimejaa vitu vyeupe?" Akanyoosha mkono chini ili apanguse kwa kidole gumba.

Nilimpiga. Mkono wa Mwenyekiti, wifi, mbele ya ushirika mzima! Nikamwambia, "Hao ni minyoo, na ni wetu, na usipowaona kwenye kamba ya mtu mwingine ndipo uulize." Nikamweleza wanavyokula tope na sponji inavyopumua, nilieleza mpaka maji yakaanza kujaa. Msusi akadakia kwamba mbegu ya minyoo ni ya kwake. Nikasema ni kweli, kwa sababu ni kweli. Kesho wanachama wawili wanakuja nyumbani kuniuliza zaidi. Mume wangu amefagia ua bila kuambiwa.

Kisha Mwenyekiti akauliza aandike jina gani. Nikasema langu. Sikukataa kwa adabu, sikusema sistahili. Niliona kalamu ikiandika na nikasimama pale nimelowa, nimetanua mabega kama askari wa gwaride.

Sasa kwa kuwa kamba ni yangu, nakuamuru. Ukitoka hospitali usikae ghorofa ya tatu kuhesabu ngazi. Seremala amenitengenezea sanduku lenye kioo chini. Ukiliweka juu ya maji unaona mpaka mchangani. Kaka yako atapiga makasia, ameapa, na akiyaogopa maji tutamfunga kwenye mtumbwi. Utakaa juu, mguu umenyooka, unakosoa kila fundo ninalofunga, na mimi nitakuwa chini sikusikii. Njoo uwaone minyoo, wifi. Wamejaa.

Mwenye kamba ya mama,
Mama Fagio